Aliyejua mto alipokutana na aliyejua mashine

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao chetu cha watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Vienna, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni maana waliokosa kuja wameniomba.

Assalaam alaykum, na ndugu zangu Wakristo Bwana asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Nimeambiwa nizungumzie akili mnemba kwenye vyuo vikuu vya hapa Austria, wengine mnaiita akili unde, wengine AI, haya ni ileile. Mwenyekiti aliponipigia nilimwambia dada yangu mimi si mtu wa kompyuta, mimi ni mtu wa maji, nimekuja huku kusoma mito na ardhi oevu, akaniambia basi ndiyo maana tunakutaka wewe. Kwa hiyo nitaongea kama mtu wa maji, mnivumilie.

Nianze na jambo linaloniuma. Humu ndani tuko wauguzi, kuna wanasheria, kuna wa misitu, kuna dada zetu wanaofundisha Kiswahili pale chuo kikuu cha Vienna idara ya Afrika, kuna wahasibu, kuna kaka mmoja anasomea muziki. Ila likitajwa neno akili mnemba wote tunageuza shingo kuwaangalia wale vijana wawili wa TU Wien, chuo cha teknolojia, pale nyuma, kana kwamba hii kitu ni yao peke yao na sisi wengine kazi yetu ni kungoja waimalize watuletee. Mimi nimekaa hapa miaka kadhaa na nilichokiona sicho hicho kabisa, yaani kazi za hapa zilizonishtua mimi zilitoka pale ambapo mtu wa kompyuta alikaa meza moja na mtu ambaye hajui sana kompyuta ila anakijua kitu chake mpaka mizizi.

Nitawapa mfano wa kwangu, wa mto, na huo nitaukalia kidogo.

Mimi kwetu ni Rufiji, upande wa Mohoro. Baba yangu mdogo alikuwa msoma kipimio. Kwa wasiojua, kingoni mwa mto unasimikwa ubao mrefu wa chuma, umepakwa rangi nyeupe na nyeusi, una namba za sentimita kama rula, na mtu analipwa kidogo sana aende kila siku asubuhi na alasiri asome maji yamefika wapi, aandike kwenye daftari. Ndiyo kazi yake hiyo. Nilikuwa naenda naye nikiwa mdogo, anafinya macho hivi kwa sababu jua linapiga kwenye maji, anasoma, anatamka namba kwa sauti, mimi naandika, halafu anaangalia kama nimeandika sawa. Mwaka mmoja mafuriko yakaung'oa ule ubao, ofisi iliyohusika ikaambiwa, ikaahidi, miaka ikapita ubao haukurudi. Baba mdogo akaendelea kwenda kwa mazoea, akawa anapima kwa mizizi ya mti mmoja, anaandika maji yamefika mzizi wa pili, mzizi wa tatu. Sasa huo kwa lugha yetu watu wa maji ni mto usiopimwa, na mito ya namna hiyo duniani ndiyo mingi kuliko inayopimwa.

Shida yake ni nini? Njia ya zamani ya kutabiri mafuriko ilikuwa hivi, unachukua mto mmoja, unakaa na data zake za miaka kumi au ishirini, unairekebisha modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayoiga mto, mpaka ifanane na huo mto, ukimaliza unahamia mto mwingine unaanza upya. Mto usio na data huna pa kuanzia. Kwa hiyo nchi tajiri zenye vipimio vingi zinapata utabiri mzuri na sisi tunasikia mafuriko yakishagonga mlango.

Sasa BOKU, chuo cha maliasili cha hapa Vienna ambacho wengi wetu hapa tumepitia, wengine kwa ile masters ya limnolojia, yaani elimu ya maziwa na mito, na ardhi oevu, ya pamoja na Egerton kule Njoro na Delft Uholanzi, pale BOKU kulikuwa na vijana wa hidrolojia, Frederik Kratzert na Daniel Klotz na wenzao. Watu wa maji kama mimi. 2018 wakatoa kazi wakasema hebu tujaribu kutabiri maji ya mto kwa kutumia LSTM.

LSTM ni nini, hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1991 Sepp Hochreiter akiwa bado mwanafunzi Munich aliandika tasnifu akaonyesha kwa nini mitandao ya neva, yaani mashine zinazojifunza kwa mfano wa ubongo, ya wakati ule ilikuwa inasahau. Mashine ikikosea, kosa linarudishwa nyuma hatua kwa hatua ili ijirekebishe, sasa kwenye kila hatua lile kosa linafifia, linafifia, ukirudi nyuma sana hakuna kilichobaki, kwa hiyo haiwezi kuunganisha jambo la leo na jambo la zamani lililolisababisha. 1997 yeye na Jürgen Schmidhuber wakaleta dawa yake, ndiyo hiyo LSTM, wakaiwekea mashine kama mtungi wa ndani wenye milango, mlango wa kuingizia na mlango wa kutolea, baadaye wengine wakaongeza mlango wa kusahau. Kilichomo mtungini kinakaa mpaka kihitajike. Simu zilipoanza kusikia sauti za watu vizuri miaka ile ya 2015 na tafsiri za mtandaoni zilipopata nafuu 2016, ndani kulikuwa na huo mtungi. Na huyu Hochreiter alikuja Linz hapahapa Austria, chuo cha Johannes Kepler, 2006, na mjue alikuja kuongoza taasisi ya bioinfomatiki, yaani alikuwa anakaa na watu wa biolojia na dawa, na kikundi chake kikaja kushinda mashindano ya Marekani ya kutabiri kemikali ipi ni sumu kwa mwili.

Rudi kwenye mto. Bonde la mto ni mtungi, mtu yeyote wa Rufiji anajua hilo bila kwenda shule. Mvua inanyesha Mbeya, inanyesha Njombe, Kilombero inajaa, Ruaha Mkuu unapokea, siku zinapita, wiki zinapita, huku Mohoro jua linawaka hakuna hata wingu, halafu maji yanakuja. Yalikuwa yanakaa wapi? Ardhini, kwenye mabwawa, kwenye majani. Hapa Austria yanakaa kwenye theluji milimani miezi mizima mpaka machipuko. Kwa hiyo wale vijana wa BOKU walipoisikia mashine yenye mtungi ndani waliielewa kwa namna ambayo mtu wa kompyuta peke yake asingeielewa.

Wakaipa mvua, wakaipa joto, ikajifunza. Halafu wakafanya kitu ambacho mimi nilipokisoma nilisimama kwenye kiti, wakachungulia ndani ya mitungi yake midogo mmojammoja. Wakakuta mmoja unajaa wakati wa baridi na unamwaga joto likipanda. Ni theluji ile! Hakuna aliyeiambia mashine kwamba kuna kitu kinaitwa theluji, imejitengenezea yenyewe mahali pa kuiweka. Mtu wa kompyuta angeona mstari unapanda na kushuka. Mtu wa maji aliona theluji.

Wakahamia Linz kufanya kazi na Hochreiter na wenzake, na 2019 wakatoa lile lililonifanya niache nilichokuwa nafanya. Walichukua mabonde 531 ya Marekani, mashine ikajifunza mengi kwa pamoja badala ya mojamoja, ikaambiwa na hali ya kila bonde, mteremko wake, udongo wake, misitu yake, halafu wakaipima kwenye mabonde ambayo haijawahi kuona data zake hata siku moja. Na kwa wastani ikaishinda modeli ya kawaida iliyokuwa imerekebishwa kwa data za bonde hilohilo. Yaani mgeni asiyewahi kuuona mto aliutabiri kuliko mwenyeji aliyeusomea. Kwa nini? Kwa sababu kaona mito mingi, akiambiwa huu uko hivi na hivi anajua utafanyaje.

Machi 2024 kazi hiyo ikafika kwenye jarida la Nature, sasa ikiwa kubwa, watu wa Google wakiongoza na Kratzert na Klotz wakiwemo, imefunzwa na vipimio 5,680 vya dunia nzima, na wakaonyesha kwamba utabiri wa mafuriko Afrika unaweza kusogea mpaka kufanana na ule wa Ulaya. Mwezi uliofuata, Aprili, Rufiji na Kibiti zikazama. Shangazi yangu alikaa juu ya dari na wajukuu wawili na kuku. Mimi nilikuwa hapa, Vienna, naangalia simu. Sisemi hivi ili niwalize, nasema ili mjue kwa nini nikisikia mtu anasema mambo ya akili mnemba hayatuhusu moyo wangu unachemka.

Ila na hili niliseme wazi, mashine hiyo haitaki tuache kupima. Imejifunza kutoka kwenye vipimio, na vipimio vya Afrika humo ni vichache. Danube inaijua vizuri sana, Rufiji inaikisia kwa kuifananisha. Ubao wa baba mdogo ungekuwepo miaka yote ile ungekuwa ndani ya hesabu hiyo.

Haya, wauguzi na madaktari, zamu yenu. Chuo cha udaktari cha Vienna, idara ya ngozi, 2018 Philipp Tschandl, Harald Kittler na mwenzao Cliff Rosendahl wa Queensland Australia walitoa mkusanyiko wa picha za madoa ya ngozi 10,015, bure, dunia nzima itumie kufunza mashine kutambua saratani. Picha zimekusanywa kwa miaka 20, nyingine za zamani zilikuwa slaidi zile za kuangazia taa, wakazisafisha na kuziskani. Fikirieni kazi ya kukaa na makabati ya slaidi, hii hapa ilikuwa saratani kweli kwa sababu kipande kilikatwa kikapelekwa maabara, hii haikuwa. Hakuna injinia angeweza kuifanya. Halafu 2020 wakauliza swali ambalo mimi naliona ni la daktari hasa, wakauliza je mashine ikikosea daktari anafanyaje? Wakakuta msaada mzuri wa mashine unawafaa zaidi wenye uzoefu mdogo, lakini mashine ikidanganya inawapotosha wote, hadi mabingwa.

Mwaka jana nilikwenda kuonyesha doa langu la mkononi, daktari akaweka kile kidude chenye taa na lenzi juu ya ngozi, doa likaonekana kwenye skrini kubwa kama ramani, kahawia juu ya kahawia. Nikamuuliza mashine yenu imefunzwa na ngozi kama yangu? Akanyamaza kidogo, akasema ukweli, hapana, si sana. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Vienna na Queensland wagonjwa wake wengi ni weupe, picha haziwezi kuonyesha kisichokuwa mbele ya kamera. Sasa nani ataleta picha za ngozi zetu, na za ndugu zetu wenye ualbino ambao jua linawamaliza? Dada zangu wauguzi mlioko humu, ninyi mnajua doa kwenye ngozi nyeusi linavyoonekana. Profesa wa hapa anaweza asijue.

Sasa AMS, ofisi ya ajira ya Austria, naona nyuso zimebadilika. Wengi humu mmekwenda pale mmechukua namba mmekaa. 2018 ofisi hiyo ya ajira ilitangaza mpango wa algorithimu ya kuwagawa watafuta kazi makundi matatu, wenye nafasi kubwa, ya kati, na ndogo. Ilitumia takwimu za miaka iliyopita kuona watu wa namna yako walipata kazi au hawakupata. Wa kati ndio walikusudiwa kuwekewa nguvu zaidi, wa chini wangepelekwa kwenye msaada mwingine wa bei nafuu. Kwenye ile fomula iliyotolewa, kuwa mwanamke kulikushusha. Kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kulikushusha. Kufika miaka 50 kulikushusha sana. Na kuwa na mzigo wa kulea kulikushusha ukiwa mwanamke, mwanaume mwenye watoto haikumgusa.

Waliolifungua jambo hili vizuri ni Doris Allhutter na Astrid Mager wa taasisi ya tathmini ya teknolojia ya Akademia ya Sayansi ya Austria pamoja na wenzao wa TU Wien, sosholojia na informatiki kwenye karatasi moja, 2020. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, mtu wa takwimu angeiangalia akasema imekaa sawa. Wao waliiona kwa jicho jingine, wakasema ubaguzi uliopo kwenye soko la kazi umegeuzwa ukawa alama ya mtu binafsi, mama aliyenyimwa kazi jana kwa sababu analea leo anahesabiwa kuwa hana nafasi kwa sababu analea, na karani mbele ya kompyuta ana dakika chache, atapingana nayo vipi? Agosti 2020 mamlaka ya ulinzi wa data ikausimamisha mpango, mambo yakaenda mahakamani. Sasa sheria ya Ulaya ya akili mnemba ya 2024 imeziweka mashine zinazohusu ajira kwenye fungu la hatari kubwa, na wanasheria wetu humu hiyo ni kazi yenu, isomeni kwa Kijerumani muwaeleze wamama kwa Kiswahili.

Kaka wa muziki nisikusahau. Linz kuna Gerhard Widmer, alipata tuzo ya Wittgenstein 2009, ndiyo kubwa kuliko zote za sayansi hapa Austria, na kazi yake ni kuuliza mpiga piano anafanya nini ambacho hakimo kwenye nota. 1989 hapahapa Vienna mzee Nikita Magaloff alipiga karibu kazi zote za Chopin kwenye piano ya Bösendorfer yenye kompyuta iliyokuwa inaandika kila kidole, kimegusa lini na kwa nguvu gani. Kikundi cha Widmer kilikaa na data hizo miaka. Ukisikiliza unasema huyu ana roho, wao wanataka kujua roho hiyo kwenye milisekunde inakaa wapi. Mimi nawaza mpiga kinanda wa taarabu, nani amemuandika hivyo? Hakuna, na wazee wanaondoka.

Fizikia nitapita haraka. Kikundi cha Anton Zeilinger hapa Vienna, yule wa Nobel 2022, kilikwama kwenye jaribio moja la chembe za mwanga, wanatafuta namna ya kupanga vioo na fuwele na hawaipati. Mwanafunzi wake Mario Krenn akaandika programu akaiita Melvin, inapanga vifaa vya maabara kwa kujaribujaribu na kukumbuka vilivyofaa. Aliiacha ikifanya kazi, ikaja na jibu. Wakalitoa 2016, na baada ya miaka miwili wakalifanya kwa vioo vya kweli.

Na wanafalsafa wamo, Mark Coeckelbergh yuko chuo kikuu cha Vienna anafundisha falsafa ya teknolojia na alikuwa kwenye jopo la wataalamu la Umoja wa Ulaya. 2019 Hannes Werthner wa TU Wien na wenzake wakatoa Tamko la Vienna la utu wa kidijitali, na ndani yake wanadai hasa hiki ninachokisema, fani zisijifungie. Oktoba 2024 ukaanza mradi mkubwa wa BILAI unaoongozwa na Linz, ndani kuna TU Wien, TU Graz, Klagenfurt, chuo cha uchumi WU na ISTA, taasisi ya sayansi ya Klosterneuburg, wanataka kuunganisha mashine inayojifunza kwa data na mashine inayofuata mantiki. Milango iko wazi jamani, semina nyingi za hapa unaingia tu ukakaa, hakuna anayekuuliza umetoka kitivo gani. Mimi mara ya kwanza niliingia nikiwa natetemeka, sikuelewa nusu ya maneno, nikauliza swali moja tu, mto ukihama njia yake mashine yenu inajuaje? Chumba kikanyamaza. Profesa akaandika kwenye daftari lake. Swali lile halikutoka kwenye kitabu, lilitoka Mohoro, kwa sababu Rufiji unahama.

Sasa nimalizie na kilichonileta. Baba mdogo alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Nilipokwenda msibani binti yake akanipa sanduku la bati, ndani kuna madaftari yake kumi na moja, mengine mchwa wameyala pembeni. Nimeyapiga picha kurasa zote. Sehemu kubwa ni namba za ubao, halafu ubao unaondoka na mizizi ya mti inaanza, na pembeni kaandika kwa Kiswahili chake, maji mekundu leo, au harufu ya tope la juu, au mamba yuko kingoni sikushuka nimesoma kwa mbali. Maprofesa wangu wanazitaka namba. Mimi nataka na yale ya pembeni yaingie, maana maji mekundu yana maana, yanakuambia mvua imenyesha bonde gani. Ule mti bado upo, binamu yangu kaupima mizizi yake kwa futi kutoka alama ya saruji ya zamani, kwa hiyo mzizi wa pili sasa tunajua ni sentimita ngapi.

Jumanne saa kumi na mbili jioni tunaanza kuyachapa kwenye kompyuta, tutakuwa kwangu, nitapika wali na samaki. Nahitaji anayeweza kusoma mwandiko wa mtu aliyesoma madrasa kabla ya shule, maana kuna kurasa kaziandika kwa herufi za Kiarabu na mimi hizo nasoma polepole. Na wale vijana wawili wa TU pale nyuma, ninyi njooni na laptopu zenu.